Jini Asiyetumwa na Mtu

Kwa muda sasa nimekuwa nikiandika hadithi ya mtu aliyekuwa askari karibu na Ziwa Nyasa, akatekwa vitani, akauzwa, na hatimaye akafikishwa katika shamba la mtama nje ya Malindi, ambako anazoeana na jini mdogo asiyeishiwa na maswali. Wachache niliowapa sura za mwanzo wazisome wameniuliza jambo lilelile kwa njia mbalimbali. Kwa nini jini huyu hafanyi kitu? Mbona havunji minyororo, hamtii wazimu msimamizi, hambebi rafiki yake usiku mmoja akamtua mlangoni kwa mama yake? Nimeona niwajibu kwa maandishi, na kwa urefu, kwa sababu jibu langu haliwezi kutenganishwa na mahali hapa ninapoishi wala na watu walioijenga Malindi bila ya kutajwa.

Malindi ambayo Wareno waliifikia mwaka 1498 ilikuwa mji wenye mfalme na biashara yake. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 mji huo ulikuwa magofu na vichaka, na uliinuliwa tena kuanzia kama mwaka 1861, pale Sultani Majid wa Zanzibar alipoleta askari kuulinda na walowezi wakaanza kufyeka mashamba. Ardhi ilikuwa nyingi na yenye rutuba. Kilichokosekana kilikuwa mikono. Katika miaka isiyozidi 20, majahazi yalikuwa yakipakia hapa mtama, ufuta na kunde kwa ajili ya Zanzibar na Bara Arabu, na mikono iliyolima mazao hayo ilikuwa ya Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengine waliopitishwa Kilwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Wafanyabiashara hawakuacha kazi yao. Waliigeuza njia tu. Misafara ikaanza kutembezwa nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, pwani yote, hadi Sultani huyohuyo alipoipiga marufuku nayo mwaka 1876. Askari wangu nimemleta Malindi mwaka 1874, kwa miguu, akiwa na kongwa shingoni. Mkataba uliokusudiwa kumwokoa ndio uliomwongezea safari, na yeye hakuwahi kuusikia.

Nilitaka awe askari, si mkulima wala mvuvi, kwa sababu askari aliyetekwa ana mzigo ambao wengine hawana. Nchi za Nyasa wakati huo zilikuwa zimevurugwa na vita vya muda mrefu. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, walikuwa wameingiza mapigano ya namna mpya, na watemi wa Kiyao walikuwa wakipata bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani na kulipa kwa pembe na kwa watu. Kijana aliyebeba silaha katika nchi hizo hakukosa kuona mateka wakifungwa, na mara nyingine ni yeye aliyewafunga. Anapofungwa mwenyewe anaujua ule ufundi: anajua kamba inavyozungushwa, anajua kwa nini wenye nguvu hupangwa mbali mbali katika mlolongo, anajua atakayeanguka njiani atafanywa nini. Huyo ndiye mtu niliyetaka kuishi naye katika hadithi ndefu. Hawezi kusema kwamba hakujua dunia ilivyo.

Shambani kazi hupimwa kwa ngwe. Msimamizi humwonyesha kila mtu mwanzo wa kipande chake na mwisho wake, na jua halitui kwako mpaka kipande hicho kimelimwa. Askari wangu analima kama wengine, mpaka mtama unapotoa masuke na kweleakwelea wanapoanza kushuka kwa maelfu. Hapo msimamizi, aliyesikia kwamba mtu huyu ana shabaha, anampandisha juu ya dungu kuamia ndege. Dungu ni jukwaa la miti lililosimama juu ya mimea, lenye ngazi na kivuli kidogo cha makuti. Pembeni yake amewekewa lundo la madongo yaliyokaushwa juani. Anatia dongo moja kwenye kitako cha kombeo, anashika ncha zote mbili za kamba, anazungusha juu ya kichwa hadi hewa ianze kuvuma, kisha anaachia ncha moja. Ndege huinuka kwa mkupuo, hugeuka hewani, na kutua mita chache mbele. Ndivyo inavyokwenda tangu alfajiri, hupoa wakati wa jua kali, kisha huanza tena alasiri mpaka magharibi.

Kazi hiyo inamrudishia kitu fulani cha uaskari wake, na hapo ndipo penye uchungu. Amepewa tena lindo. Amepewa silaha, japo ya udongo. Anatazama makundi ya ndege kama alivyokuwa akitazama majeshi, anakadiria upande watakaoshukia, anapanga madongo yake kwa ukubwa. Akiwa katikati ya shughuli hiyo ndipo sauti inapomjia ubavuni pake, sauti ya mtu anayetaka kujua kwa dhati wala haina dhihaka: mbona unawapiga hawa wanaokula punje, na yule aliyeshika fimbo humpigi?

Hilo ndilo neno la kwanza la jini katika hadithi yangu. Anauliza kwa sababu haelewi. Ameona mtu mwenye shabaha na ameona mtu mwenye fimbo, na hajui ni kitu gani kilichosimama kati yao. Askari naye, anapotafuta jibu, anagundua kwamba hajawahi kulisema kwa sauti hata kwa nafsi yake.

Wapo watakaoniambia kwamba majini hawana tabia hiyo, kwamba jini ni wa kutisha au wa kutumikia. Mimi nimelelewa katika mji wa Kiislamu, na udadisi wa majini ni jambo la mwanzo kabisa nililofundishwa juu yao. Sura iliyopewa jina lao katika Kurani inaanza kwa habari ya kundi la majini waliosikiliza kisomo wakastaajabu, wakarudi kuwaambia wenzao waliyoyasikia. Katika sura hiyohiyo wanakiri wenyewe kwamba walikuwa na mahali pao pa kukaa mbinguni ili kusikiliza, na kwamba sasa anayejaribu kusikiliza hukuta kimondo kikimngojea. Viumbe waliokuwa wakikaa mlangoni mwa mbingu kutega sikio, kwa nini wasikae juu ya dungu la mtama kumsikiliza binadamu?

Iko habari nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi, na ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Nabii Suleimani alitiishiwa majini wakawa wanamfanyia kazi alizotaka: kujenga majengo marefu, kuchonga sanamu, kutengeneza masinia makubwa kama mahodhi na vyungu visivyoondoka mahali pake. Kisha mauti yakamfika, naye ameegemea fimbo yake. Majini hawakujua. Wakaendelea kufanya kazi mbele ya maiti iliyosimama, mpaka mdudu wa ardhini, ambaye walimu wetu humtaja kuwa ni mchwa, alipokula ile fimbo na mwili ukaanguka. Ndipo walipotambua kwamba lau wangejua mambo ya ghaibu wasingekaa katika adhabu ile ya kudhalilisha. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliitumia aya hiyo kutufundisha kwamba majini hawajui ghaibu, basi tusiwaendee waganga kuuliza yaliyofichika. Somo hilo nililipokea na bado nalishika. Lakini mawazo yangu ya kitoto yalibaki kwa wale wafanyakazi. Niliwaza juu ya jini mmoja aliyebeba jiwe siku ile akamwangalia bwana wake kwa pembe ya jicho, akaona amesimama, akaongeza mwendo.

Kwa hiyo jini wangu si mgeni wa utumwa. Ametoka katika jamii ambayo kumbukumbu yake kubwa ni hiyo: kwamba walitumika kwa hofu ya mtu ambaye tayari alikuwa amekufa, na kwamba lau mmoja wao angethubutu kusogea na kuuliza, adhabu ingefupika. Udadisi wake unatokana na hapo. Kwake kuuliza si adabu wala mchezo. Ni ahadi ya ukoo. Anapomuuliza askari ni kitu gani kinachomzuia, anachotaka kujua hasa ni kama fimbo ya huyu bwana nayo imeshaliwa na mchwa. Nadhani hakuna swali la hatari zaidi ambalo mtumwa anaweza kuulizwa, na ni vigumu pia kupata swali la kirafiki zaidi ya hilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wa pwani wataliona mara moja. Nilipokuwa mdogo jirani yetu alipungwa pepo uani kwake, nasi watoto tulichungulia kupitia nyufa za ua wa makuti. Masheikh wanakataza ngoma hizo na sitaki kuingia katika hukumu yake hapa, ninaeleza nilichokiona. Yule mama alikaa juu ya mkeka, amefunikwa shuka, chetezo cha ubani kikifuka mbele yake, na ngoma ikapigwa mpaka mabega yakaanza kutikisika. Pepo alipopanda, mganga alinyanyua mkono, ngoma ikanyamaza, na maswali yakaanza. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Umemfuata huyu kwa sababu gani? Unataka nini? Pepo alijibu kwa sauti nzito, akichanganya Kiswahili na lugha ambayo hakuna mtu uani pale aliyeielewa. Akasema ametoka bara, mbali, na kwamba anataka kaniki na tumbaku. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye baraza walimwitikia kwa heshima, wakamwambia atapewa, wakamwomba awe na subira.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kaniki, ile nguo ya rangi ya buluu nzito iliyokaribia weusi, ilikuwa ndiyo nguo ya watumwa katika pwani hii yote. Nikaikumbuka ile jioni. Mapepo yanayopungwa katika miji yetu yana makabila: wako wa Kigala, wa Kimasai, wa Kinyika, na Zanzibar wako mahabeshia, wanaohusishwa na masuria wa Kihabeshi waliokuwa katika majumba ya mabwana. Sielezi asili ya mapepo, maana hilo si langu. Ninasema tu kwamba katika miji ambayo mtu wa bara aliingizwa akiwa amefungwa, akapewa jina jingine na kuamriwa asahau, palikuwa na mahali pamoja ambapo mgeni kutoka bara aliulizwa kwa upole yeye ni nani na ametoka wapi, na watu wazima wakanyamaza kusubiri jibu. Mahali hapo palikuwa kilingeni, na aliyepewa heshima hiyo alikuwa pepo. Binadamu mwenye historia hiyohiyo alikuwa nje, anatwanga.

Hadithi yangu imeligeuza jambo hilo, na ninaamini ndani yake pana haki fulani. Safari hii pepo ndiye anayeuliza na binadamu ndiye anayejibu. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Askari anajibu kwanza kwa jina alilopewa na msimamizi, Mabruki, kwa kuwa mabwana walipenda kuwaita watumwa wao kwa majina ya heri: Mabruki, Baraka, Faraji. Jini anamuuliza jina hilo alipewa na nani, lini, na je, aliyempa alimwangalia usoni wakati anampa? Jina lake la kwao askari analitaja mwishoni mwa sura hiyo, na mimi sijaliandika. Amelitaja kwa jini. Msomaji atajua kwamba limetajwa, basi.

Si kila swali ni la kirafiki, na hadithi isiyoliona hilo ingekuwa ya uongo. Mtu aliyepitishwa sokoni aliulizwa mengi. Dalali na mnunuzi walitaka kujua umri wake, walimfungua kinywa kuhesabu meno, walimtuma akimbie ili waone kama anachechemea. Msimamizi huuliza kila jioni kama ngwe imekwisha. Na mwaka 1907, serikali ya Waingereza ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda huu wa pwani, walioweza kudai fidia walikuwa mabwana, kwa kupoteza huduma za watu wao. Kwa hiyo hata katika saa ile ya uhuru, kilichoulizwa kuhusu mtumwa kilikuwa thamani yake kwa mwingine. Yeye mwenyewe hakulipwa kitu kwa miaka aliyolima. Maswali hayo yote yanafanana kwa kuwa muulizaji ameshajua atalifanyia nini jibu. Jini wangu hajui atalifanyia nini. Analitaka kwa kuwa ni la mtu huyu.

Hapo ndipo ninapoweza kuwajibu wanaotaka jini avunje minyororo. Jini mwenye nguvu ambaye sote tunamjua kutoka hadithi za kale, yule wa taa na yule wa pete, hujitambulisha kila anapotokea: mimi ni mtumwa wa taa, mimi ni mtumwa wa pete, amuru. Nguvu zake ni za kuamriwa. Anayenitaka nimpe askari wangu jini wa namna hiyo ananitaka nimpe mtumwa wake mwenyewe, na kwamba tuuite huo ukombozi. Nimekataa. Tena katika sura ya tano nimemfanya askari mwenyewe aombe jambo hilo. Amechapwa, mgongo umevimba, na kwa mara ya kwanza anatumia sauti ya kiaskari kwa rafiki yake: nenda, mkabe yule, hiyo ni amri. Jini hakasiriki. Anamuuliza: unaniamuru kwa jina la nani? Kisha anamsimulia habari ya fimbo na mchwa, akiwa mmoja wa wale waliobeba mawe.

Sura hiyo ilinipa taabu kuliko zote, kwa sababu ninampenda mtu huyu na ningependa msimamizi akabwe. Lakini baada yake mazungumzo yao hubadilika. Askari anaanza kusimulia yale ambayo hajaulizwa: kijiji alichokichoma, mwanamke aliyemfunga mikono naye akamwomba amlegezee kidogo, na yeye hakulegeza. Jini anauliza jina la mwanamke huyo, na askari hajui, kwa kuwa hakumuuliza. Sidhani kama mtu angeweza kumweleza hayo mtumwa mwenzake, ambaye pengine alifungwa na askari kama yeye.

Hapa mjini tunao Mnara wa Vasco da Gama, na wageni hupelekwa kuutazama na kuelezwa mwaka uliosimikwa. Mashamba yale ya mtama yamejaa nyumba na mahoteli, na mimi sijaona kibao hata kimoja kinachosema ni akina nani waliolima pale. Wajukuu wao wapo. Wengi wamefundishwa kutojibu wakiulizwa asili yao, na ninaelewa kwa nini, kwa kuwa katika pwani yetu swali hilo limetumika sana kumshusha mtu wakati wa posa na wakati wa ugomvi. Ninaandika nikiwa nawaza juu yao. Ningetamani waulizwe na mtu asiyetaka kuwafanyia kitu kwa jibu lao.

Kimebaki kisa cha kutoroka. Mtoro wa Malindi wa wakati ule alikuwa na njia mbili kubwa. Upande wa bara palikuwa na Fuladoyo, makazi ya watoro yaliyokuwa na uhusiano na Wakristo wa misheni, ambako watu walilima mashamba yao wenyewe. Kaskazini, ng'ambo ya Mto Tana, palikuwa na Witu, ambako Ahmed Fumo Luti, aliyeitwa Simba, aliwapokea watoro, akawapa ardhi na akawapa silaha. Mtu aliyefika Witu hakuchunguzwa nyuma yake, na kwa mtoro huo ulikuwa ulinzi. Lakini makundi yaliyotoka huko nayo yalivamia mashamba na vijiji na kuchukua watu. Kwa hiyo askari wangu akienda Witu atapokelewa vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya ufundi uleule uliomfunga mwanamke yule. Mtu wa shabaha angechagua Witu. Sina shaka na hilo, na sitampeleka Fuladoyo ili kumfurahisha msomaji.

Usiku wa kuondoka, jini anamuuliza kama, akifika Witu na kukabidhiwa kamba, atafunga mtu. Nimeamua askari ajibu kabla ya kushuka ngazi ya dungu, na ajibu kwa sauti, akitumia lile jina lake la kwanza kama mtu anayeapa. Jibu lake ni hapana. Kama atalishika au hatalishika, hiyo ni kazi ya sehemu ya pili, inayofika hadi Oktoba 1890, pale manowari za Waingereza zilipoteremsha majeshi yaliyoiteketeza Witu. Nimeshaanza kuiandika, na jini bado yumo, na bado hajaamriwa kitu.